Kinywaji Kisicho Kileo ni Kipi?

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike habari itakayowafaa vijana, nami nimechagua jambo ambalo kila mtu hudhani kuwa alijua, mpaka aulizwe. Je, kinywaji kisicho kileo ni kipi? Huenda mkacheka, mkasema, "Maji, chai na soda; swali limekwisha." Mimi pia nilikuwa nikicheka hivyo, mpaka siku swali hilo liliponitoa shuleni kwa wiki mbili.

Mambo yalikuwa hivi. Nilipokuwa kidato cha pili, si katika shule hii bali katika nyingine nisiyotaka kuitaja, bibi yangu alikuja kunitazama Jumapili ya wageni. Aliniletea chapati, karanga, na chupa mbili za munanansi. Kwa ajili ya wasomaji walio mbali, nitaeleza kinywaji hiki. Maganda ya nanasi huoshwa, huchemshwa pamoja na tangawizi na majani machache ya chai, kisha huchujwa, hutiwa sukari na kupozwa. Ni kinywaji cha watoto na cha wageni, nacho chapendwa sana Jinja na Uganda nzima.

Chupa moja tuliinywa siku ile ile, mimi na rafiki zangu. Ya pili niliificha sandukuni ili niinywe kidogo kidogo. Usiku wa Jumatano kifuniko kiliruka kwa kishindo. Bweni zima liliamka, povu likatapakaa juu ya madaftari yangu, na harufu iliyojaa mle ndani haikuwa ya mananasi tena. Asubuhi niliitwa ofisini. Sheria ya shule ilisema kwamba mwanafunzi hataleta kileo shuleni. Nikajitetea, "Mwalimu, hiki si kileo, ni munanansi." Mwalimu akanisogezea chupa akasema, "Nusa." Nikanusa, nikanyamaza.

Lakini adhabu ile siyo iliyoniuma zaidi. Bibi yangu alikuwa mlokole. Tangu siku aliyookoka hakuonja pombe, hata arusini, hata matangani. Alipoitwa na kuambiwa kwamba amempikia mjukuu wake pombe, alikaa kimya kitambo, machozi yakamtoka, akasema, "Mwalimu, mimi nilichemsha mananasi." Tukarudi nyumbani Mpumudde, naye njia nzima hakusema neno jingine.

Basi, wasomaji, nani alikuwa na haki? Mwalimu au bibi? Nilikaa na swali hilo miaka mingi, na jibu nililolipata ndilo nitakalowaeleza leo.

Kilima cha Mpumudde kina sifa yake katika historia. Hapo ndipo alipofariki Omukama Kabalega wa Bunyoro mwezi wa Aprili 1923, alipokuwa akirudishwa kwao baada ya kufungiwa miaka mingi katika visiwa vya Shelisheli. Jina lenyewe maana yake ni "nimepumzika". Na mtu aliyepumzika hupewa cha kunywa. Ukishuka leo kutoka kilimani kwenda sokoni utaona vinywaji vya kila namna: soda dukani, munanansi na bushera katika chupa zilizokwisha kutumika, maji ya ndizi katika jerikani, na wazee waliozunguka chungu cha malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu. Ng'ambo ya mto, huko Njeru, ndipo kilipo kiwanda cha bia cha Nile Breweries, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1951. Upande wa mashariki yako mashamba ya miwa ya Kakira. Hivyo sisi watu wa Jinja twaishi katikati ya sukari na bia, na kama nitakavyoonyesha, safari kutoka kwenye sukari hadi kwenye bia si ndefu.

Kwanza tutazame kileo kinavyotokea. Yuko kiumbe mdogo mno aitwaye hamira. Yeye ni wa jamii ya kuvu, naye haonekani kwa macho ila kwa darubini. Hukaa juu ya maganda ya matunda, katika vumbi, katika vyombo na vitambaa vya jikoni. Apatapo maji yenye sukari na joto la kadiri, huila sukari ile na kuigeuza kuwa vitu viwili: alkoholi, na hewa iitwayo kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo ndiyo iliyorusha kifuniko changu, na alkoholi ndiyo iliyoleta harufu.

Zamani watu waliona jambo hili bila kujua sababu yake. Mfaransa Louis Pasteur, katika miaka ya 1850, alionyesha kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe walio hai. Baadaye, mwaka 1897, Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira, akaikamua, akaona kwamba majimaji yake, ingawa hayana chembe hai, yaweza kugeuza sukari kuwa alkoholi. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907.

Wanafunzi wa kemia wanaweza kuipiga hesabu yake. Gramu 180 za sukari ya glukosi, zikichachuka zote, hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kaboni dayoksaidi. Yaani nusu ya sukari, au zaidi kidogo, huwa alkoholi. Ishikeni hesabu hiyo, kwa maana tutairudia.

Mtu atauliza, "Lakini bibi alichemsha, na moto huua hamira." Ni kweli. Moto uliiua hamira iliyokuwa kwenye maganda. Lakini alipoacha sufuria wazi ipoe, alipochuja kwa kitambaa, alipomimina katika chupa iliyooshwa kwa maji baridi, hamira nyingine iliingia. Ikakuta sukari, maji, na joto la Jinja, ikaanza kazi. Jumapili jioni ilikuwa ndiyo kwanza yaingia. Jumatano usiku ilikuwa imekwisha kuzaana mamilioni.

Haya, sasa tuje kwenye sheria. Ni kiasi gani cha alkoholi kinachokifanya kinywaji kuwa kileo? Watu wengi hujibu, "Hata tone moja." Jibu hilo lasikika vizuri, lakini halikai. Mwaka 2016 wataalamu wa Ujerumani walichapisha vipimo vya maji ya matunda yanayouzwa madukani, yaani ya machungwa, ya tufaha na ya zabibu. Walikuta alkoholi katika hayo yote, tangu gramu 0.04 hadi gramu 0.77 katika lita moja. Hata ndizi iliyoiva sana ina alkoholi kidogo, na mkate uliotiwa hamira hubaki na kidogo baada ya kutoka tanuruni. Vanila nayo, ambayo wakulima wetu wa Mukono na Kayunga huilima, ikitengenezwa kuwa maji ya kutia harufu katika keki na vinywaji, huyeyushwa kwa alkoholi. Basi tukisema tone moja latosha, hatuna budi kumkataza mtoto asile ndizi.

Kwa sababu hiyo serikali zimeweka mpaka kwa namba. Mataifa yana kitabu kimoja cha kupanga bidhaa kwa ajili ya forodha, kilichoanza kutumika mwaka 1988, nacho hufuatwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki katika ushuru wao wa pamoja ulioanza mwaka 2005. Sura ya 22 ya kitabu hicho yahusu vinywaji. Humo imeandikwa kwamba kinywaji kisicho na alkoholi ni kile ambacho alkoholi yake haizidi sehemu 0.5 katika 100, kwa ujazo, katika joto la digrii 20. Kwa hiyo mbele ya afisa wa forodha wa Busia au Malaba, kinywaji chenye 0.5 hupita mlango mmoja pamoja na soda, na chenye 0.6 hupita mlango wa bia na mvinyo.

Je, namba hiyo imeshuka kutoka mbinguni? La, ni watu walioiweka. Huko Marekani, mwaka 1919, ilipitishwa sheria ya kutekeleza marufuku ya pombe. Katiba ilikataza "vinywaji vinavyolevya", lakini haikusema ni vipi. Watengenezaji wa bia walitumaini kwamba bia nyepesi itaachwa. Sheria ikakata shauri kwamba kinywaji chochote chenye alkoholi kufikia 0.5 katika 100 chahesabiwa kuwa kinalevya. Viwanda vikaanza kutengeneza bia iliyo chini ya kipimo hicho, watu wakaibeza. Mwezi wa Machi 1933, nchi ikiwa katika dhiki na serikali ikitafuta kodi, Rais Roosevelt alitia sahihi sheria nyingine iliyosema kwamba bia yenye 3.2 katika 100 kwa uzito hailevyi. Katiba ilikuwa bado haijabadilishwa. Ilibadilishwa Desemba mwaka ule. Tazameni basi: bia ile ile, ambayo Februari ilikuwa ikilevya kwa sheria, Aprili ilikuwa hailevyi kwa sheria. Bia haikubadilika, wala vichwa vya watu havikubadilika. Kilichobadilika ni karatasi.

Na hata leo nchi hazipatani. Ujerumani huita bia "isiyo na alkoholi" hata ikiwa na 0.5. Uingereza kwa miaka mingi mwongozo wa serikali umetaka jina hilo lisizidi 0.05, yaani sehemu ya kumi ya kipimo cha Wajerumani, na kinywaji kisichozidi 1.2 huitwa chenye alkoholi kidogo. Chupa moja, ikivuka bahari tu, yaweza kubadili jina.

Sisemi kwamba namba hazina maana. Zina maana kubwa. Chukua chupa ya bia ya mililita 500 yenye alkoholi 5 katika 100. Ndani yake mna mililita 25 za alkoholi. Sasa chukua kinywaji chenye 0.5. Ili upate mililita 25 zile zile utalazimika kunywa lita 5, yaani chupa kumi, na mwili wako utakuwa ukiondoa alkoholi huku unakunywa. Tumbo litajaa maji kabla kichwa hakijajua lolote. Hapo namba imetusaidia kuelewa.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili, na huu ndio uliomkamata bibi yangu. Sehemu 0.5 katika lita moja ni mililita 5 tu za alkoholi, ambazo uzito wake ni kama gramu 4. Rudini kwenye hesabu ile ya kemia: gramu 4 za alkoholi hutoka katika sukari isiyofika gramu 8. Gramu 8 za sukari ni vijiko viwili vidogo vya chai! Bibi alitia sukari kwa vikombe. Hamira ikila vijiko viwili tu katika kila lita, mpaka umekwisha kuvukwa. Na haiishii hapo, huendelea kula.

Basi wazee wetu, ambao hawakuwa na forodha wala vipimo, walitambuaje? Walitumia maneno. Tazama ndizi. Katika Buganda na Busoga ndizi za mbidde huivishwa, humenywa, hukamuliwa pamoja na nyasi kwa mikono au kwa miguu, na maji yake matamu huitwa omubisi. Mtoto hunywa, mgonjwa hunywa, mlokole hunywa. Maji hayo hayo yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa siku moja au mbili, huitwa tonto, na hapo mtoto huondolewa. Tonto ikitiwa motoni na mvuke wake kukusanywa, yawa waragi. Mgomba mmoja, majina matatu, na kila jina lakuambia nani anywe. Huko Kigezi nako ni vivyo hivyo. Bushera ya mtama ni ya nyumba nzima, lakini ikiendelezwa mpaka iwe kali, huitwa omuramba, nayo ni ya wakubwa. Na pwani, utomvu wa mnazi huanza kuchachuka tangu ungali juu ya mti, ndiyo maana wenyewe hutofautisha tembo tamu na tembo kali.

Sasa tazama nanasi. Munanansi ya Jumapili yaitwa munanansi. Na munanansi ya Jumatano yaitwaje? Munanansi! Kinywaji kimebadilika, jina halikubadilika. Nadhani hapo ndipo penye mtego. Nanasi limekuja kwetu nyuma sana ya ndizi na mtama, na watu hawajalipa majina mawili.

Lugha yetu ya Kiswahili nayo ina hekima yake. Neno kileo latokana na kulewa. Kiswahili hakiulizi kwanza, "Ndani mna nini?" Chauliza, "Kitakufanya nini?" Wanasheria wa forodha huuliza swali la kwanza, nasi katika mazungumzo yetu huuliza la pili. Maswali haya mawili hayafanani, na watu wengi hugombana kwa sababu mmoja ajibu hili na mwingine ajibu lile.

Dini nazo zina mafundisho juu ya hili. Waislamu husimulia katika hadithi kwamba Mtume alikuwa akilowekewa tende au zabibu kavu katika maji, akayanywa siku ile na siku zilizofuata, lakini ikifika siku ya tatu, yaliyobaki hakuyanywa tena baada ya hapo. Angalieni sana: kipimo hapo ni muda. Kanuni yao nyingine ni kwamba kinacholevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu. Ndiyo maana Mwislamu aweza kula ndizi iliyoiva bila wasiwasi, maana hata ukila mkungu mzima hulewi, lakini hatakubali kijiko kimoja cha bia. Kwa upande wa Wakristo, mwaka 1869 daktari wa meno wa Marekani, Thomas Welch, aliyetaka kanisa lake litumie maji ya zabibu badala ya mvinyo katika Meza ya Bwana, alitumia njia ya Pasteur: alitia maji ya zabibu katika chupa, akaziba, akazipasha moto ndani ya maji. Hamira ikafa, na mpya haikupata mlango. Laiti bibi yangu angalijua!

Sasa niondoe kosa moja ambalo wengi hulifanya. Watu husema, "Kinywaji hiki ni kikali mdomoni, basi ni pombe." Si lazima. Uchachu si ulevi. Katika maziwa ya mgando, katika bushera changa, na katika togwa ya ndugu zetu wa Tanzania, wako viumbe wengine, bakteria, ambao huila sukari na kuigeuza hasa kuwa asidi. Asidi hiyo hufanya kinywaji kiwe kichachu kidogo na chenye kuburudisha, tena huzuia vijidudu vingi vya maradhi. Mtoto wa Kigezi aliyelelewa kwa bushera hakulelewa kwa pombe. Lakini katika chombo kimoja bakteria na hamira waweza kukaa pamoja, na siku zikipita hamira hupata nguvu. Kwa hiyo uchachu peke yake si ushahidi, ila ni kengele ya kukuambia, "Uliza kimekaa siku ngapi."

Tena, njia hii haiendi mbele tu. Siki tunayotia katika kachumbari ilikuwa kileo, kisha bakteria wengine wakaigeuza alkoholi kuwa asidi, ikaacha kulevya. Bia isiyo na alkoholi nayo mara nyingi ilikuwa bia kamili, kisha kiwandani ikaondolewa alkoholi, kwa kuwa alkoholi huchemka kwenye digrii 78 na maji kwenye digrii 100. Na katika mitambo ambamo hewa imepunguzwa, alkoholi hutoka hata kwa joto dogo zaidi. Kwa hiyo asili ya kinywaji haitoshi kukihukumu. Kilichotoka katika pombe chaweza kuwa si pombe, na kilichotoka kwa mlokole chaweza kuwa pombe.

Wala kitu kilichomo katika upishi wa pombe si pombe. Wenzetu wa Mbale wanajua. Wakati wa imbalu, ambayo hufanywa Bugisu katika miaka ya 2022, 2024 na kuendelea hivyo kila baada ya mwaka mmoja, kijana hupakwa mwilini unga wa kimea, ule ule upikiwao busaa. Amepakwa kimea toka kichwani hadi miguuni, na bado yu mzima wa akili. Kimea ni kimea. Ni sukari, maji, hamira na siku ndivyo vinavyofanya kileo.

Wanafunzi wanaopenda majaribio wanaweza kuliona jambo hili kwa macho yao, wakiwa na mwalimu wao. Tengenezeni munanansi, mgawe katika chupa tatu za plastiki. Ya kwanza iwekeni ndani ya friji, ya pili juu ya meza, na ya tatu ichovyeni katika maji yenye moto wa kiasi kwa nusu saa hali imefungwa kwa puto mdomoni. Zile mbili nazo zifungeni puto. Kila siku andikeni puto lipi limevimba na kwa kiasi gani. Mkiwa na haidromita, ya kupimia uzito wa majimaji, pimeni siku ya kwanza na siku ya nne. Maji ya sukari ni mazito kuliko maji matupu, na alkoholi ni nyepesi kuliko maji, hivyo namba ikishuka mtajua sukari imeliwa. Hewa hiyo mkiipitisha katika maji ya chokaa, chokaa itakuwa nyeupe kama maziwa. Msizibe chupa kwa kifuniko cha kukaza, nami nadhani sababu mwaijua. Wala msinywe, mwageni.

Sasa nikusanye niliyoyasema. Ukitaka kujua kama kinywaji ni kileo au si kileo, usiulize jina lake tu. Uliza maswali manne.

La kwanza: kina sukari na hamira? Maji, chai na kahawa vilivyopikwa sasa hivi havina hatari hiyo. Maji ya matunda na ya nafaka yanayo.

La pili: kina umri gani? Swali hili watu hulisahau kuliko yote. Kinywaji cha nyumbani kina siku zake za kuishi, kama mkate na samaki.

La tatu: kimewekwa wapi? Baridi huipunguza hamira kasi, lakini haiiui. Joto la kawaida la Jinja huihimiza. Moto huiua, ikiwa chombo kimezibwa baadaye.

La nne: nani atakinywa? Mtu mzima mwenye afya hatadhurika kwa 0.5. Lakini mtoto mwili wake ni mdogo. Mama mja mzito hushauriwa na madaktari asinywe alkoholi kabisa. Na yuko mtu aliyekuwa mlevi akaacha kwa taabu. Kwake yeye harufu tu ya bia, hata kama namba yasema sifuri, yaweza kuamsha kiu aliyoizika miaka. Ukimwandalia mtu huyo, mpe chai. Na yuko aliyeweka nadhiri. Mwambie ukweli wa kilichomo, kisha mwachie mwenyewe aamue. Kumnywesha mtu kitu asichokitaka kwa kusema "hiki hakina kitu" ni kumdhulumu, hata kama hakulewa.

Kwa wakuu wa mabweni na viranja, nina ombi moja dogo. Sheria isemayo "mwanafunzi hataleta kileo" ni sheria nzuri, lakini haitoshi. Ingefaa iongezwe maneno haya: "Vinywaji vya nyumbani vinywewe siku vilipoletwa." Maneno machache tu, lakini yangeokoa madaftari yangu, na yangemwokoa mtu mwingine aibu.

Basi turudi kwenye swali la mwanzo: mwalimu na bibi, nani alikuwa na haki? Mwalimu alihukumu kinywaji cha Jumatano. Bibi alijitetea kwa kinywaji cha Jumapili. Vyote viwili vilikuwa katika chupa moja na kwa jina moja, lakini havikuwa kitu kimoja. Mwalimu alisema kweli kwamba chupa ilikuwa na kileo. Bibi alisema kweli kwamba hakupika kileo. Aliyekitengeneza kileo kile ni mimi, niliyekificha sandukuni siku tatu kwa uchoyo, nikaacha hamira ifanye kazi nilipokuwa nimelala.

Miaka mingi ilipita kabla sijaweza kumweleza hayo. Nilikuwa nimekwisha kusoma kemia, naye alikuwa mzee sana, akikaa kwenye mkeka nje ya nyumba. Nikamchorea mchangani, hapa sukari, hapa hamira, hapa siku ya kwanza, hapa siku ya nne. Nikamwambia, "Bibi, wewe hukupika pombe. Ni mimi." Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama michoro yangu, akasema, "Kwa hiyo ungaligawia wenzako chupa zote mbili siku ile, pasingekuwa na neno?"

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Akasema, "Hilo hata mimi ningekuambia, bila kemia."